Boriti Iliyokaliwa Matangani

Jumatano, tarehe kumi na mbili mwezi wa Machi mwaka jana, nilimpoteza mume wangu. Alikuwa ameenda Ndanai na msumeno wake wa petroli kumkatia mtu miti, na gogo moja likabiringika kwenye mteremko. Walioleta habari walinikuta shambani, kikapu cha majani chai kikiwa mgongoni. Sitaeleza siku hiyo zaidi ya hapo. Ninachotaka kueleza ni kilichompata msichana wetu baadaye. Watu wa hapa husema alishikwa na woga baba yake alipokufa. Mimi pia nilisema hivyo kwa miezi kadhaa.

Tunakaa upande wa Kapkatet. Tuna chai kidogo, mahindi kidogo na ng'ombe wawili. Kaka za msichana ni wakubwa, wanafanya kazi mbali, kwa hivyo nyumbani tulikuwa watatu. Yeye alikuwa anakaribia miaka kumi na minne. Tangu akiwa mdogo hakuwa mtu wa kutembea kama wengine. Alipita juu ya ua, juu ya ukingo wa mtaro, juu ya kitu chochote chembamba. Nyanya yake, mamake mume wangu, ambaye sisi tunamwita kogo, alikuwa akisema huyu mtoto alikosea njia, alitakiwa kuzaliwa mbuzi.

Kisha shuleni akaja mwalimu mpya wa kike kutoka upande wa ziwa. Alikuwa amefunzwa jimnastiki chuoni, na akaanzisha kikundi cha wasichana. Vifaa havikuwepo. Walitumia nyasi za uwanja na magodoro mawili ya bweni. Mwalimu aliwaeleza kuhusu mti mwembamba unaowekwa juu ya miguu, ambao msichana hutembea juu yake, huruka, hupinduka, na asianguke. Aliuita bimu. Msichana wangu alirudi nyumbani akamwambia baba yake. Jumamosi iliyofuata mume wangu alileta boriti ya blugamu kwa mkokoteni, yenye urefu wa mita tano, pana kama kiganja cha mtu mzima, imenyooka kabisa.

Blugamu, ule mti wengine huuita mkaratusi, ndiyo tuliyokuwa nayo. Huku kwetu viwanda vya chai huichoma kukausha majani, na mume wangu aliikata karibu kila siku ya maisha yake. Lakini boriti ile ilikuwa mbichi. Ukiigusa upande wa chini mkono ulitoka na unyevu. Nilimuuliza kwa nini hakungoja ikauke, akasema mtoto hatangoja, na kwamba yeye ataichunga.

Aliiweka chini ya paa la banda la ng'ombe, pahali jua halifiki. Ncha zake alizipaka mavi ya ng'ombe na udongo. Akaitengenezea miguu ya kufika kiunoni pangu, na akaifunga kwa kamba badala ya misumari, ili iweze kutolewa. Chini alipanga magunia yaliyojazwa maganda ya mahindi. Mimi nilitoa blanketi kuukuu, tukaizungushia boriti ili isimchune mtoto ngozi. Na kila jioni mazoezi yakiisha, mume wangu alifungua zile kamba, akaigeuza boriti upande mwingine, akailaza juu ya mbao na kuiwekea mawe. Asubuhi aliirudisha. Kabla ya kuirudisha alipiga magoti kwenye ncha moja, akafumba jicho na kuitazama kwa urefu wake. Mara moja nilimuuliza anatafuta nini. Akaniambia blugamu ikikatwa inaendelea kujisokota mpaka ikauke, na usipoishikilia itakwenda inapotaka. Nilisikia, lakini nilisikia kama mke anavyosikia mambo ya msumeno. Sikuyaweka mahali popote.

Kitu ambacho msichana alikuwa akijifunza mwalimu alikiita daraja la nyuma. Anasimama juu ya boriti, mikono juu. Anajipinda nyuma polepole, tumbo likitazama paa, mpaka viganja vishike boriti asiyoiona. Kisha mguu mmoja unapita juu, halafu wa pili, naye anasimama tena. Ukisema kwa mdomo ni kitu kidogo. Mimi nilikuwa naingia jikoni ili nisione.

Mwalimu alikuwa amemwambia kuna shule moja ya mbali, yenye ukumbi wa mazoezi na walimu wa kazi hiyo, na kwamba likizo ya Agosti watu wa shule hiyo watakuja Kericho kuchagua wasichana wachache. Bila daraja la nyuma juu ya bimu hakuna haja ya kwenda. Kwa hivyo tangu Januari nyumba yetu ilikuwa na jambo hilo moja. Baba yake alisimama kando ya boriti kila jioni na kiganja chini ya mgongo wake. Mwezi wa Februari kiganja kilikuwa hakimgusi tena, kilikuwa hewani tu. Hakuwa mtu wa maneno. Msichana akishajipinda na kuwa haoni, yeye alikohoa kidogo ili ajue bado yupo.

Wiki ile ya Machi alikuwa amesema Jumapili atatoa mkono kabisa.

Baada ya kifo watu walikuja, kama wanavyokuja. Walikuja wa kanisa, wa kituo cha kuuza majani, wale aliowakatia miti, ndugu zangu wa Sigor. Viti vya kanisa havikutosha. Nilikuwa nimekaa ndani na wanawake, lakini nakumbuka nikisikia shemeji yangu akiwaambia vijana wa kiume watafute kitu cha kukalia wazee. Walikwenda bandani wakaichukua boriti. Walitoa blanketi wakalikunja vizuri, wakaiweka boriti juu ya matofali karibu na hema, na ikawa benchi. Ilikaa hapo mpaka tukazika na siku nyingi baada ya kuzika, kwa sababu wageni waliendelea kufika. Asubuhi jua liliipiga. Mchana mvua ilinyesha, maana masika yalikuwa yameanza. Jioni wazee walikaa juu yake, wengine upande huu, wengine upande ule, wakiimba. Niliwapelekea chai mimi mwenyewe. Hakuna hata mmoja aliyefanya ubaya.

Watu walipokwisha kwenda shemeji aliirudisha kwenye miguu yake, na safari hii akaipiga misumari iwe imara. Msichana alirudisha blanketi na kulifunga kwa nguvu, akalishona kwa uzi wa sisali.

Aprili alianza tena. Nilitoka jikoni nikasimama pale baba yake aliposimama, kwa sababu nilifikiri ni lazima mtu asimame. Alipanda, akanyoosha mikono, akajipinda. Viganja vilishika, kisha mkono mmoja ukateleza, akaanguka kwa ubavu juu ya magunia. Akapanda tena na kuanguka tena upande uleule. Siku ya tatu alifikia kujipinda nusu, akarudi juu, akashuka mwenyewe.

"Mama," aliniambia, "mwili unakataa."

Mwalimu alikuja nyumbani. Alikuwa mtu mzuri, aliketi jikoni na mimi akanywa mursik, maziwa yetu ya kugandishwa kibuyuni, ingawa niliona hayapendi. Alinieleza kwamba hili hutokea kwa wasichana wengi, akili inaogopa kabla ya mwili, na kwa mtoto aliyefiwa ni kawaida zaidi. Alisema tusimlazimishe. Shuleni alimchorea mstari wa chaki sakafuni, na juu ya mstari ule msichana alifanya daraja la nyuma vizuri, mara nyingi, bila kutoka nje. Hapo sote tukaamini. Kama sakafuni anaweza na juu hawezi, ni nini kama si woga?

Kwa hivyo tulianza kumtibu woga. Mchungaji alimwekea mkono kichwani Jumapili mbele ya watu wote na kuomba roho ya hofu imtoke. Kogo alimwambia kwamba hata yeye aliogopa usiku baada ya babu kufa, lakini alizoea, na mtoto pia atazoea. Binamu zake hawakuwa na huruma hiyo. Nilimsikia mmoja wao, msichana wa rika lake, akimwambia wakiwa wanachota maji:

"Wewe unangoja nani akushike sasa? Malaika?"

Wengine walicheka. Yeye aliinua ndoo yake akaondoka. Jioni ile alikwenda bandani, akapanda, akasimama mikono juu mpaka mikono ikaanza kutetemeka, akashuka. Alifanya hivyo kila jioni, Mei yote na Juni. Hakuanguka tena kwa sababu hakujipinda tena. Alisimama tu. Mimi nilisimama naye. Wakati mwingine nilijaribu kukohoa kama baba yake, nikaona aibu nikaacha.

Nilimwambia hakuna aliyemlazimisha kwenda Kericho. Akaniuliza akiacha atafanya nini jioni. Mimi mwenyewe sikujua nifanye nini jioni.

Ilikuwa Julai, baridi ya ukungu ule ambao haupandi mpaka saa nne, nilipoamua kulifua lile blanketi. Lilikuwa limeanza kunuka. Msichana alikuwa shuleni. Nilikata sisali, nikalivuta blanketi, nikaweka karai la maji chini na kipande cha sabuni juu ya boriti ili mikono iwe huru. Sabuni iliteleza ikaanguka. Nikaiokota nikaiweka tena, ikaanguka tena. Nikaiweka upande wa kati, ikakaa.

Nilipiga magoti kwenye ncha, pale mume wangu alipokuwa akipiga magoti, nikafumba jicho. Kutoka mwanzo hadi katikati boriti ilikuwa sawa. Baada ya katikati ilianza kugeuka, na mwisho wake ulikuwa umegeuka kabisa, kama shingo ya mtu anayeangalia aliyemwita nyuma. Kulikuwa na ufa unaoingia kidole. Huo mwisho ndio msichana alikuwa akiupa mgongo. Hapo ndipo alipotakiwa kuweka viganja bila kuona.

Niliketi juu ya gunia la maganda. Niliona hema tena na matofali, na wazee wa watu wakiimba. Niliona vile kila mtu alikuwa amekuja kutusaidia. Nilifikiri pia kuhusu mchungaji na mwalimu na kogo, na mimi, tukimzunguka mtoto na kumwambia kitu kiko ndani yake, na kitu kilikuwa chini ya blanketi. Blanketi sikulifua siku hiyo.

Aliporudi nilimwonyesha. Sikutaka kusema sana. Nilimwambia apige magoti atazame. Alitazama kwa muda mrefu, kisha akapitisha kiganja juu ya mti, kutoka katikati mpaka mwisho, polepole.

"Kwa hivyo sikuwa naogopa," alisema.

Nikamwambia hapana, hakuwa anaogopa, mwili wake ulijua.

Nilidhani atafurahi. Nilikuwa nimengoja jambo hilo mchana wote, uso wake ukifurahi. Alisimama akapangusa magoti.

"Lakini sasa naogopa," alisema. "Mmenifundisha."

Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu anayekuambia mvua inanyesha.

Shemeji alikuja na randa. Alijaribu kuondoa ule mgeuko kwa juu, lakini kila alipolainisha boriti ilizidi kuwa nyembamba, na mgeuko ulikuwa bado. Tuliiloweka maji, tukaigeuza, tukaiwekea mawe yote tuliyoweza kubeba. Mti ulikuwa umekauka na umekataa. Shemeji aliketi akajifuta jasho, akasema kwamba ndugu yake angejua la kufanya, halafu akaona aibu kwa kusema hivyo mbele yangu, akaanza kukusanya vifaa vyake. Hakuuliza ni nani aliyeitoa nje wakati wa matanga. Nadhani alikumbuka. Sikumkumbusha.

Mbao kavu za kutosha hazikupatikana kwa muda ule. Mpaka Agosti msichana alifanya mazoezi juu ya mstari wa chaki tu. Mwalimu aliomba radhi kwangu, akisema alipaswa kuikagua boriti mwenyewe. Nikamwambia aache. Kama ni kuomba radhi tungelazimika kuita kijiji kizima.

Tulikwenda Kericho Jumamosi ya kwanza ya likizo, mimi, yeye na mwalimu. Ilikuwa ndani ya ukumbi mkubwa wenye sakafu ya mbao. Wazazi tulikaa chini kando ya ukuta. Bimu yao ilikuwa ya kweli, imefunikwa kitu laini, imesimama karibu kifuani kwa msichana wangu, na hakukuwa na mtu aliyeruhusiwa kusimama kando yake isipokuwa mama mmoja wa ile shule, mwenye filimbi shingoni, ambaye alikaa mbali kidogo. Niliitazama kutoka nilipokaa. Ilikuwa imenyooka. Hata mimi niliona.

Wengine waliitwa kwanza. Walikuwa wadogo. Mmoja nadhani hakuwa amefika miaka kumi. Walipanda wakafanya daraja la nyuma kama mtu anayeruka kamba, kisha wakafanya vitu vingine ambavyo mwalimu wetu hakuwahi kututajia. Nilimwona mwalimu akiangalia viatu vyake.

Msichana wangu alipoitwa alipanda vizuri. Alitembea mpaka mahali pake, akageuka, akanyoosha mikono. Na akabaki hivyo. Nilijua kusimama kule, nilikuwa nimekuona jioni baada ya jioni. Mikono ikaanza kutetemeka. Yule mama wa filimbi akamwambia kwa upole, "Ukiwa tayari, msichana." Hakusogea. Mtu nyuma yangu alinong'ona kwamba huyu ameshindwa, na mimi nikafikiri hivyo hivyo. Nilianza kutafuta maneno ya kumwambia akishuka.

Alijipinda. Uso wake ulikuwa umekunjamana kama wa mtu anayeingizwa sindano. Mkono wa kwanza ulifika, ukapapasa, ukashika. Wa pili ukashika. Mguu ulipanda, ukapita, ukatafuta, ukakanyaga. Ule mwingine ukachelewa sana hewani, mwili wote ukayumba, nikashika mkono wa mama nisiyemjua aliyekaa karibu nami. Kisha ukatua. Alisimama. Mikono juu, miguu yote miwili juu ya bimu.

Wazazi wachache walipiga makofi. Mimi nilingoja furaha ije. Kilichokuja ni kwamba mtu wa kumwambia hayupo. Nilimwachilia yule mama mkono wake.

Msichana alikuja akaketi karibu nami. Alikuwa anatetemeka kama aliyetoka mtoni. Nilimvisha sweta yangu.

"Woga umeisha?" nilimuuliza.

"Haujaisha," alisema. "Nilichoka kuungoja."

Majina yalisomwa saa nane, kwa mdomo, na yule mama wa filimbi mwenyewe. Lake halikuwepo. Baadaye alikuja kwetu akasalimia kwa mkono, akasema amempenda kwa sababu alingoja na bado akafanya, lakini kwamba miaka yake imekwenda, wenzake walianza wakiwa na miaka sita, na hata kama angefanya bila kusita jibu lingekuwa lilelile. Alisema hivyo ili kutufariji. Mwalimu alimshukuru. Mimi pia nilimshukuru.

Nilifikiria maneno hayo siku nyingi, kwamba jibu lingekuwa lilelile. Kama ni hivyo, boriti haikutunyima kitu, wala matanga, wala woga tuliompa. Nilitaka hilo linipunguzie uzito. Halikupunguza.

Jumapili hatukwenda kanisani. Msichana alilala mpaka mchana. Jioni mwalimu alipita akamwambia muhula ukifunguliwa kikundi kitaendelea Jumanne na Alhamisi, na kwamba angeweza kumsaidia kuwafundisha wadogo. Msichana alimjibu kwa heshima kwamba hatakuja. Mwalimu akamwambia si lazima ajibu leo. Msichana akasema amekwisha kujibu, mwalimu, asante.

Jumatatu ilikuwa siku ya kupeleka majani kituoni. Niliamka nikakuta msichana tayari amekamua ng'ombe na amefunga gunia la plastiki kiunoni ili umande usimloweshe. Alichukua mstari wa juu, mimi wa chini. Ilipofika saa tatu hivi manyunyu yalianza, nikamwuliza kama atarudi ndani. Akatikisa kichwa, akatupa majani nyuma ya bega kwenye kikapu, akaingia mstari mwingine.